Kabla Mtoto Hajapanga Namba, Mchoreshe Safu

Nilipoanza kufundisha hisabati darasa la tatu, niliamini kwamba mtoto anayeweza kuhesabu hadi elfu moja na kuendelea hawezi kushindwa kupanga namba kuanzia ndogo hadi kubwa. Siku moja niliandika ubaoni kina cha maziwa mawili, Tanganyika mita 1,470 na Nyasa mita 706, nikauliza ni lipi lenye kina kikubwa zaidi. Wengi walijibu Nyasa, na mmoja wao alinieleza kwa uhakika kabisa kwamba saba ni kubwa kuliko moja. Mtoto yule hakuwa mzembe: alilinganisha tarakimu za mwanzo bila kutambua kwamba 7 imekaa kwenye mamia ilhali 1 imekaa kwenye maelfu.

Tangu siku hiyo simpi mwanafunzi namba za kupanga kabla hajachora safu za maelfu, mamia, makumi na mamoja. Namba huandikwa moja chini ya nyingine kuanzia safu ya mamoja, yaani upande wa kulia, kisha husomwa kuanzia kushoto. Watoto huchanganya sana pande hizi mbili, kwa hiyo ninawashauri wazazi wasiharakishe hatua hii hata ikichukua wiki nzima.

Baada ya hapo mimi hutumia urefu wa milima: Kilimanjaro mita 5,895, Kenya mita 5,199, Ruwenzori mita 5,109 na Meru mita 4,562. Meru hujitenga mara moja, kwa kuwa ina maelfu manne na wenzake wana matano. Katika mamia, Kilimanjaro yenye 8 inawashinda wenye 1, na hapo ulinganisho wake umekwisha. Hapa ndipo wanafunzi wengi hupotea, kwa sababu huendelea hadi kwenye mamoja, wakaona 9 ya Mlima Kenya inazidi 5 ya Kilimanjaro, wakabadilisha jibu lililokuwa sahihi. Mzoeshe mtoto kuweka kalamu chini pale anapokuta tofauti ya kwanza. Kenya na Ruwenzori zinalingana katika maelfu na mamia, na ni makumi pekee, 9 dhidi ya 0, yanayoamua.

Hiyo 0 ya Ruwenzori inahitaji uangalifu wa pekee, kwa kuwa lugha yetu haiitamki. Tunasema "elfu tano mia moja na tisa", na mtoto anayeandika anachosikia huandika 519, namba ambayo itapangwa chini ya Meru. Vilevile, mtu akisema "elfu mia mbili", msikilizaji mmoja ataandika 1,200 na mwingine 200,000. Ninapoimla namba, kwa hiyo, husema "elfu moja mia mbili" au "laki mbili", na ninawaomba wazazi wafanye hivyo nyumbani, hata wanapotaja bei.

Dawa iliyonisaidia kuliko zote ni kumtaka mtoto asome safu zake kwa sauti, asiruke hata iliyo tupu: maelfu matano, mamia moja, makumi hakuna, mamoja tisa. Akishatamka "makumi hakuna", mkono wake huandika sifuri bila kukumbushwa.