Chusa chako kinafanana na cha Katanda. Kwa hiyo?

SWALI: Nilisoma kuhusu vyusa vya mfupa (ncha zenye meno za kuvulia samaki) vilivyofukuliwa Katanda, kando ya mto Semliki nchini Kongo, nikaona nijaribu kutengeneza kimoja. Nilichemsha mfupa wa muundi wa ng'ombe kutwa nzima ili mafuta na harufu vitoke, nikaukata kwa msumeno wa chuma, nikachonga meno kwa tupa na kumalizia kwa msasa. Ukikiweka kando ya picha huoni tofauti. Ila nilipokirusha kwenye gogo, ncha ilikatika palepale. Je, naweza kusema watu wa kale walipita hatua hizihizi, na kwamba vyusa vyao vilikuwa vya pambo tu kwa vile havihimili kishindo? Rafiki yangu ananiambia nilikosa siri moja: kuloweka mfupa kwenye siki kabla ya kuchonga.

JIBU: Ndugu msomaji, jibu la yote matatu ni hapana. Mawili nitayamaliza upesi. Lile la hatua ndilo lililonifanya nichague barua yako, maana halipiti muda mrefu bila mtu kuniletea hoja hiyohiyo kwa sura nyingine.

Ncha kwanza. Mfupa mbichi ni kama zege lenye nondo: madini ya kalsiamu na fosfati huupa ugumu, na nyuzi za protini iitwayo kolajeni huuzuia usipasuke unapopata pigo. Ukiuchemsha kutwa nzima, sehemu ya kolajeni hugeuka jelatini na kutoka na maji. Ulichobaki nacho mkononi ni zege ambalo nondo zake zimedhoofika. Kwa hiyo hukupima nguvu ya chusa cha Katanda, umepima mfupa uliokwisha kuharibiwa kwenye sufuria. Tena ulikirusha kwenye gogo. Pale Katanda, pamoja na vyusa hivyo, imepatikana mifupa ya kambare wakubwa, na nyama ya kambare si mti. Kabla ya kuhukumu kwamba kitu ni pambo, kijaribu kwa malighafi iliyo sawa na dhidi ya kitu kinachofanana na kile kilicholengwa.

Siki nayo. Asidi huyeyusha madini, na ukiuacha mfupa humo muda wa kutosha unapindika kama mpira. Watu wakiona hivyo wanashangilia, wanadhani wamefumbua fumbo. Lakini asidi hiyohiyo inakula uso wa mfupa, na uso ndiyo karatasi tunayoisoma sisi tunaochunguza zana za kale. Zana za kale ambazo uso wake umehifadhika vizuri bado zina mikwaruzo myembamba ya kuchongwa. Uso ulioliwa na asidi haubaki na mikwaruzo ya namna hiyo. Ukitaka mfupa ukubali kuparwa, uloweke kwenye maji matupu. Yanasaidia, na yanapunguza vumbi, ambalo si zuri kwa mapafu. (Na mfupa wa mnyama aliyejifia porini bila sababu kujulikana usiuguse kabisa. Vijidudu vya kimeta hukaa miaka mingi vikisubiri.)

Sasa nije kwenye linalonikera. "Nimekitengeneza, kinafanana, basi ndivyo walivyotengeneza." Hoja hii inavutia kwa sababu inampa mtu ushindi wa papo kwa papo, lakini haina miguu. Umbo ni mwisho wa safari, na safari nyingi huishia mahali pamoja. Ncha kali ya mfupa unaweza kuipata kwa kupasua mfupa mbichi kwa nyundo ya jiwe kisha kusugua kibanzi kwenye jiwe la mchanga. Unaweza kuipata kwa kupara na ukingo wa gumegume bila kusugua hata kidogo. Unaweza kuipata kwa kuchimba mifereji miwili sambamba na kubandua kipande kilicho katikati. Unaweza pia kuipata bila binadamu yeyote kuwapo: fisi huumeza mfupa na kuutoa ukiwa umelainika na kung'aa, maji ya mto huuviringisha kwenye kokoto, na twiga na wanyama wengine wala majani hutafuna mifupa kutafuta madini hadi ncha zinabaki kama uma. Nimeletewa uma kama huo ukiwa umefungwa kwenye kitambaa cha hariri, na mwenyewe akakasirika nilipomtajia mnyama aliyeutafuna.

Kosa hili halijawapata wanaoanza tu. Mwanaanatomia Raymond Dart, yuleyule aliyetangaza mwaka 1925 fuvu la mtoto wa Taung, mmoja wa jamaa wa kale wa binadamu, alidai mwaka 1957 kwamba mifupa, meno na pembe za pango la Makapansgat, Afrika Kusini, zilikuwa silaha na vyombo vya wanyama-watu wa kale. Alitazama maumbo: hiki rungu, hiki kisu, kile msumeno. Mtafiti C. K. Brain hakubishana naye kwa maneno. Alikwenda kando ya mto Kuiseb, Namibia, akakusanya mifupa ya mbuzi iliyotupwa na wanakijiji na kutafunwa na mbwa, kisha akahesabu ni sehemu zipi zimesalia na zipi zimetoweka. Akakuta mpangilio unaofanana na wa Makapansgat: sehemu ngumu za mfupa zinabaki, zile laini zinakwisha. Hakukuhitajika fundi wa silaha. Hilo ndilo jaribio, na ndani yake hakuna aliyechonga chochote.

Mfano mwingine ninaoupenda zaidi unatoka pango la Swartkrans, pia Afrika Kusini. Huko kuna vipande vya mfupa vyenye umri wa zaidi ya miaka milioni moja ambavyo ncha zake zimelainika na kuchakaa. Brain na wenzake walijaribu kuchimba mizizi na vitunguu-pori kwa vipande vya mfupa, wakaona ncha zinachakaa kwa namna inayofanana, wakahitimisha kuwa vilikuwa vya kuchimbia chakula ardhini. Wengi wangeishia hapo. Mwaka 2001 watafiti Lucinda Backwell na Francesco d'Errico walirudia kazi ile, lakini waliongeza shughuli nyingine, mojawapo kubomoa vichuguu vya mchwa. Kwa hadubini, mfupa uliochimba mizizi ulikuwa na mikwaruzo ya upana tofauti na ya kila upande. Uliobomoa kichuguu ulikuwa na mikwaruzo myembamba, karibu yote ikifuata urefu wa mfupa, kwa kuwa udongo wa kichuguu mchwa wenyewe wameshauchambua punje kwa punje. Vipande vya kale vilifanana na hivi vya pili. Zaidi ya hapo, waliviweka kando ya mifupa iliyotafunwa na fisi, chui na nungunungu, iliyokanyagwa na iliyosombwa na mito, ili kuona kama maumbile peke yake yangeweza kuacha alama hizo.

Angalia kilichotokea. Ncha zilikuwa zilezile na umbo lilelile, lakini majibu yalikuwa mawili. Jaribio la kwanza lilionyesha linalowezekana. La pili likauliza: mangapi mengine yanawezekana, na yapi kati yake yanakataliwa na mfupa wenyewe? Jaribio lisiloweza kushindwa ni maigizo.

Ndiyo maana sina subira na hao wanaorekodi video za "ufundi wa enzi za mawe" huku grenda ikinguruma nyuma ya kamera, wala na wale wanaopuliza filimbi waliyochonga wenyewe na kutangaza kuwa suala la mfupa wa pango la Divje Babe limekwisha. Mfupa ule wa paja la dubu wa mapangoni ulipatikana Slovenia mwaka 1995 ukiwa na matundu, na wataalamu wamegawanyika: wengine wanasema ni filimbi ya Neanderthal, yaani jamii ya binadamu wa kale waliokwisha kutoweka, wengine wanasema matundu ni ya meno ya mnyama mla nyama. Majaribio yameonyesha kwamba matundu kama yale yanaweza kutobolewa kwa zana za mawe, na kwamba meno pia yanaweza kutoboa. Kupuliza nakala kunathibitisha kwamba nakala inapulizika. Kuhusu nani alitoboa ule wa asili, muziki wako hausemi neno.

Turudi kwenye tupa na msasa. Kwa macho chusa chako kinafanana na picha, ila chini ya hadubini ya kawaida tu, hata ile ya kukuza mara ishirini au thelathini, kitakuwa kinapiga kelele "chuma". Meno ya tupa yamepangwa sawasawa, kwa hiyo huacha mistari yenye nafasi sawa. Msasa una chembe za saizi moja na huacha ukungu wa mikwaruzo inayolingana. Jiwe la mchanga halina nidhamu hiyo: chembe kubwa hukaa kando ya ndogo, mikwaruzo hupishana upana na kina, na mkono unapobadilisha pembe huacha nyuso bapa zinazokatana. Ukingo wa gumegume huacha mafungu ya mistari mirefu inayofuata mhimili wa mfupa, na kwa kuwa ukingo unamomonyoka kadiri unavyopara, mistari ya mparo wa kumi si ile ya mparo wa kwanza. Mkono ukiruka, unapata mawimbi madogo yaliyokingama. Hata mkato mmoja hutofautiana: kisu cha chuma hukata mfereji safi wenye umbo la V, jiwe huacha mfereji wenye vijistari ndani yake. Mwanaakiolojia Sergei Semenov alianza kusoma zana kwa namna hii huko Urusi na kuchapisha kitabu chake mwaka 1957, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema haya ni mageni.

Msumeno wako nao umefuta hatua nzima. Namna mfupa ulivyovunjwa ni ushahidi. Mfupa mbichi huvunjika kwa mzunguko, kingo zikiwa laini na pembe zikiwa kali au butu. Mfupa mkavu hukatika karibu kwa pembe mraba na uso wa mpasuko huwa wa kukwaruza. Mwaka 2025 zilitangazwa zana 27 za mfupa kutoka Oldupai, Tanzania, zenye umri wa miaka milioni 1.5, nyingi za mifupa ya miguu ya tembo na kiboko. Hakuna aliyezisugua. Ziligongwa vibanzi zikiwa mbichi, kwa ufundi uleule wa kugonga mawe, na kilichozitambulisha ni mfuatano wa makovu ya vibanzi hivyo. Mtu aliyekariri kwamba zana ya mfupa lazima iwe imeng'arishwa angezipita na kuziita mabaki ya chakula.

Ukitaka kurudia kazi yako, na ninakuhimiza urudie, tumia mfupa mbichi, upasue kwa jiwe, na utengeneze vyusa kadhaa, kila kimoja kwa njia moja tu: hiki kwa kusugua, hiki kwa kupara, kile kwa mifereji. Simama kila baada ya hatua na uchukue nakala ya uso kwa silikoni ile wanayotumia madaktari wa meno, kwa sababu hatua inayofuata itakula alama za iliyotangulia. Weka kimoja ambacho hutakitumia kabisa, ili baadaye ujue alama ipi ni ya kutengeneza na ipi ni ya kutumika. Hifadhi na vumbi na vibanzi, kwa maana kwenye eneo la uchimbaji taka za fundi mara nyingi ni nyingi kuliko zana zake. Muda uliotumia uandike ukipenda, lakini usiupe uzito: unapima ugeni wako wewe, si wepesi wa mtu aliyekuwa akifanya kazi hiyo tangu utotoni. Ukimaliza, linganisha na vipande vya asili au picha zake za hadubini. Picha ya jarida iliyopigwa kwa mbali haitoshi. Na hata vikilingana, utakachoruhusiwa kuandika ni kwamba njia fulani haijakataliwa na nyingine zimekataliwa. Umri wa vyusa vya Katanda wenyewe, takriban miaka 90,000, ulizua ubishi ulipotangazwa mwaka 1995, na hakuna nakala yoyote iwezayo kuuamua.

Niwaambie na wengine mnaosoma, kwa kuwa najua mmo. Ukiokota mfupa unaoushuku, usiusugue kwa brashi, usiupake vanishi ung'ae, usiujaribu "kidogo tu" kwenye ngozi uone kama unatoboa. Uache ulipo, piga picha, na uwaite wahusika. Nimeona vipande vizuri ambavyo mng'aro wake wote ulitoka kwenye kitambaa cha mwenye kuvipata, na mikwaruzo yake yote kwenye brashi ya waya. Vipande hivyo havisomeki tena. Muuzaji anayekuhakikishia kwamba zana ni ya kale kwa sababu inang'aa, ama hajui ama anajua sana. Na ninyi mafundi wa nakala, weka alama kwenye kila kipande kabla hakijatoka mikononi mwako: herufi zako na mwaka, vikatwe ndani ya mfupa wenyewe, upande usio na ncha. Karatasi ya gundi haifai. Hubanduka, na makavazi kadhaa yana droo za vitu ambavyo hakuna awezaye kusema ni vya nani.