Swali la lugha: Je, fundi simu anarejeleza?

SWALI: Tangazo mtaani kwetu linasema, "Leteni taka za kielektroniki zichakatwe." Fundi simu jirani yangu akacheka: "Mbona mimi nazirejeleza kila siku?" Kuchakata na kurejeleza ni kitu kimoja? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Si kitu kimoja. Na fundi wako, pamoja na kazi yake njema, harejelezi.

Kuchakata hakuna "tena" ndani yake. Waulize watu wa Tanga: jani la mkonge linatoka shambani bichi, linapitishwa kwenye korona, yaani mashine ya kutenga nyuzi, nyama inasagika, zinabaki nyuzi. Huko ni kuchakata, na jani lile halijawahi kutumiwa na mtu. Ndiyo maana twachakata pia samaki, korosho, hata data. Tangazo lenu halijakosea, ila limeishia njiani.

Kurejeleza kunataka kitu kilichokwisha kazi kirudi kuwa malighafi. Wajapani walifanya hivyo kwa medali zote za Olimpiki na Paralimpiki za Tokyo 2020. Kati ya 2017 na 2019 wananchi walitoa vifaa vyao vikuukuu, zikiwemo simu za mkononi takriban milioni 6.21, zikapatikana dhahabu kilo 32 hivi na fedha kilo 3,500. Simu zile hazipo tena. Madini yake yapo.

Sasa mtazame fundi. Anang'oa kioo cha simu iliyokufa bodi, anakipachika kwenye simu iliyopasuka kioo. Kioo kimebaki kioo. Hapo ametumia tena spea na kukarabati simu, na kwa maoni yangu hiyo ni kazi bora kuliko kurejeleza, maana simu iliyofufuka kibandani haijawa taka bado. Zile bodi anazotupia kwenye ndoo, zilizokwisha kunyofolewa kila chenye faida, ndizo za kurejelezwa. Kuzichoma pamoja na nyaya ili kuokota shaba, kitendo hicho nitaendelea kukiita kuchoma, hata mwenye kiberiti akikipa jina gani.

Jambo jingine, ingawa hukuuliza: nimekuwa nikikutana na "simu zilizorejelewa". Hizo ni simu zilizotajwa mahali fulani, kama kitabu kinavyorejelewa. Zilizorudishwa kuwa malighafi kiwandani zimerejelezwa, na kazi yenyewe ni urejelezaji, si urejeleaji.