Timu mpya ya roboti: malizeni mapema, mpeni dereva muda

Mkuu, umeuliza kama timu yenu ya sekondari, inayoingia FIRST Tech Challenge, mashindano ya roboti za wanafunzi, kwa mara ya kwanza, iweke nguvu kwenye mkono wa roboti au kwenye programu. Nimelea timu za aina hii misimu kadhaa, na ningeanzia kwingine: malizeni roboti mapema, hata kama inajua kazi moja tu, halafu muda uliobaki mpeni dereva, yaani mwanafunzi anayeiongoza kwa rimoti, afanye mazoezi.

Tazama mechi ilivyo. Sekunde 30 za mwanzo roboti inajiendesha yenyewe, kisha madereva wanapewa dakika 2. Mnacheza timu mbili dhidi ya timu mbili, na mshirika wenu huenda mmefahamiana asubuhi hiyohiyo. Dereva aliyeishika roboti usiku wa kuamkia mashindano atazimaliza dakika hizo akiizoea. Mkono wenye viungo vinne unapendeza, ila kila kiungo ni bolti nyingine ya kulegea, na vyote lazima vikunjike ndani ya mchemraba wa inchi 18 kabla mechi haijaanza.

Kwenye zile sekunde 30 ndiko wengi wanakoumia. Wanafunzi huandika: washa mota sekunde mbili, simama. Betri ikiwa imetoka kwenye chaja, roboti inafika palepale. Baadaye volti zimeshuka, sekunde ni zilezile, na roboti inaishia njiani. Watoto wanakesha wakisaka kosa kwenye kodi wakati kodi haina shida. Tumieni enkoda, inayohesabu mizunguko ya mota, ili mpime umbali badala ya muda, na sensa ya mwelekeo ili roboti ijue imepinda kiasi gani. Hata hivyo gurudumu likiteleza, enkoda itahesabu mzunguko ambao haukuisogeza roboti popote. Ndiyo maana timu zilizokomaa hufunga vigurudumu vidogo visivyo na mota, vinavyoburuzwa sakafuni kwa kazi ya kupima tu.

Nyaya nazo. Roboti ikizima katikati ya uwanja, kagua plagi kwanza. Kabla ya kila mechi mtu mmoja, yuleyule siku nzima, avute kila plagi kidogo kwa vidole.

Daftari la uhandisi liandikwe siku kwa siku, na waandike wanafunzi. Majaji watawauliza wao kwa nini walichagua gia ile na si nyingine. Hapa nina msimamo mkali: mlezi anayejenga roboti mwenyewe anawaibia watoto.

Usishangae pia mpinzani akija kuwaazima mota. Mwazimeni. Marehemu Profesa Woodie Flowers wa MIT, aliyeyajenga mashindano ya FIRST pamoja na mwanzilishi wake Dean Kamen, alisisitiza sana ushindani wa namna hiyo, wa kupambana kwa nguvu zote huku mkiheshimiana.

Mwisho, pale timu zinazoongoza zinapochagua washirika wa fainali, huwa zinatafuta roboti isiyokwama. Kama yenu inapata pointi kwa uhakika kila mechi, andikeni ukurasa mmoja unaoonyesha inafanya nini na imefanya mara ngapi siku hiyo, muwapelekee mapema kabla uchaguzi haujaanza. Aende dereva mwenyewe, kwa sababu ndiye watakayemuuliza maswali.