Moli ana vidoa vyeupe kwenye tenki la mchanganyiko: usimtoe peke yake

Mkuu uliyeko Nkuhungu, hapa Dodoma, nimesoma maelezo yako zaidi ya mara moja. Una tenki la lita 100 lenye samaki wa mapambo: gapi, moli, enjeli wawili na pleko. Enjeli ni wageni, wamekuja kwa basi kutoka Dar, na sasa moli mmoja ana vidoa vyeupe mkiani, amebana mapezi na anajisugua kwenye mawe. Umeshauriwa umhamishie kwenye ndoo na kumfungulia kapsuli ya tetrasaiklini, dawa ya kuua bakteria. Nakuomba usifanye hivyo. Nitaandika kwa kirefu kwa sababu ushauri huo umezagaa na samaki wengi wanakufa nao.

Kwanza thibitisha ugonjwa. Usiku zima taa ya tenki, mulika kwa tochi ya simu kutokea ubavuni, usimwangalie kwa juu. Kwenye pezi la mkia, pale mwanga unapopenya, utaviona vidoa kimoja kimoja: vya mviringo, vimeinuka kama punje za chumvi, unaweza hata kuvihesabu. Ukiona vumbi laini lenye rangi ya dhahabu, hilo ni tatizo jingine. Na ukiona utando mweupe wenye nywelenywele mdomoni, au kiraka kilichofifia mgongoni, mara nyingi hao ni bakteria. Hapo usipandishe joto kama nitakavyoeleza, maana joto huwachochea.

Kwa ulivyoeleza, mimi naona ni ugonjwa wa vidoa vyeupe, unaoletwa na kimelea cha seli moja, *Ichthyophthirius multifiliis*. Kuelewa maisha yake ndiyo nusu ya tiba. Kidoa unachokiona ni kimelea kilichojichimbia chini ya ngozi kikila. Kikiwa pale, chumvi wala dawa haikifikii. Kikishiba kinadondoka chini, kinajitengenezea ganda kwenye changarawe na kugawanyika ndani yake hadi kuwa mamia. Kisha wale wadogo wanatoka na kuogelea wakitafuta samaki, na wasipompata ndani ya takribani siku mbili wanakufa. Katika kipindi hicho cha kuogelea tu ndipo unaweza kuwaua.

Kwa hiyo ukimtoa moli, changarawe inabaki na mzigo wote, na hao gapi unaowaona wazima huenda tayari wana vimelea kwenye matamvua, mahali ambapo jicho halifiki. Ugonjwa huu unatibiwa tenki zima. Kutenga mmoja kunafaa kwa jeraha, kuoza mapezi, au samaki anayeonewa na wenzake.

Tetrasaiklini ni ya bakteria, kimelea hiki hakiijali. Tena hapa kwetu ina tatizo la ziada. Maji ya visima vya Mzakwe yana madini mengi, ule ukoko mweupe wa kwenye birika la chai ndio ushahidi. Kalsiamu inashikana na tetrasaiklini na kuipunguza nguvu, na ndiyo sababu mgonjwa huambiwa asiimeze na maziwa.

Sasa tiba, nami nimeitumia kwenye tenki langu hapa Kisasa kipindi cha kipupwe na moli wangu wakapona. Ni chumvi na joto.

Pata ujazo halisi kwanza: urefu mara upana mara kimo cha maji, kwa sentimita, gawa kwa 1,000, kisha punguza kidogo kwa ajili ya changarawe na mawe. Lengo ni gramu 2 za chumvi kwa kila lita, kwa lita 100 ni gramu 200. Mpimishe mwenye duka kwenye mzani, usikisie kwa kiganja. Gawa mafungu matatu, uyaweke ndani ya siku mbili. Kila fungu uliyeyushe kwanza kwenye jagi la maji ya tenki, umimine polepole karibu na mkondo wa filta. Punje ikimwangukia samaki inamuunguza. Pleko hapendi chumvi kama moli anavyoipenda, kwa hiyo kuanzia fungu la kwanza mtazame. Akianza kurukaruka au kuhema juu ya maji, badilisha sehemu ya maji na usizidi gramu 1 kwa lita. Na kumbuka maji yakipungua kwa kukauka, chumvi inabaki. Ongeza chumvi kwa yale uliyoyachota tu.

Joto lipandishe taratibu hadi nyuzi 30, nyuzi moja au mbili kwa siku. Kwenye joto hilo maisha ya kimelea yanakwenda mbio na aina nyingi zinashindwa kuzaana. Dodoma usiku wa Julai hushuka hadi nyuzi 13 au 14, na tenki lisilo na hita linapoa usiku na kupata moto mchana. Kupanda na kushuka huko kunamchosha samaki kabla kimelea hakijamfikia. Usitumie chupa za maji ya moto, zinaongeza kuyumba kulekule. Nunua hita, funika tenki kwa juu, ubandike maboksi mgongoni na ubavuni, utaona hata umeme wa LUKU unaenda pole.

Maji ya moto hushika oksijeni kidogo, na sisi tuko mita zaidi ya 1,100 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa yenyewe ni nyepesi. Pampu ya hewa iwake usiku na mchana. Umeme ukikatika chota maji kwa kikombe uyamimine kutoka juu, rudia kila baada ya muda. Ukikatika kwa saa nyingi, suuza sponji ya filta kwenye ndoo ya maji ya tenki kabla ya kuiwasha, kwa sababu bakteria wazuri wanaofia mle ndani watamwaga uchafu wao kwa samaki.

Hili la uchafu nalisisitiza. Maji yetu magumu huwa na pH (kipimo cha uasidi) ya juu, na kutoka pH 7 kwenda 8 sehemu iliyo sumu ya amonia, ile inayotokana na uchafu wa samaki, inaongezeka takribani mara 10. Samaki mwenye matamvua yaliyotobolewa na vimelea hawezi kuvumilia hilo. Punguza chakula hadi nusu, vuta uchafu wa changarawe kwa mpira kila baada ya siku mbili, ubadilishe robo ya maji. Kuvuta kule kunaondoa na maganda ya vimelea pia. Maji mapya yalale kwenye ndoo wazi usiku mzima klorini itoke, kisha yapashe yalingane na ya tenki.

Vidoa vinaweza kuongezeka siku za mwanzo. Usikate tamaa na usiongeze dawa nyingine juu yake. Hata vikitoweka, endelea wiki nzima baada ya kidoa cha mwisho, maana hapo ndipo wengi huacha na ugonjwa unarudi. Baadaye chumvi itoke yenyewe kwa kubadilisha maji kidogo kidogo.

Wageni wengine ukiwapata, wakae wiki nne kwenye beseni lao, lenye pampu yake, ndoo yake na wavu wake. Kimelea husafiri kwenye wavu mbichi, ukikauka kabisa juani kinakufa.