Umekuta vepu kwenye begi la mtoto? Maoni ya fundi simu wa Mwanjelwa

Dada mleta mada, umesema umekuta vepu, yaani sigara ya kielektroniki, kwenye begi la kijana wako wa kidato cha pili huko Iringa, ukauliza imetokana na nini, na wengi humu wamekujibu neno moja tu: makundi, yaani marafiki wabaya. Makundi yamo, sikatai. Ila mimi ni fundi simu Mwanjelwa, Mbeya, na vidude hivi naletewa vikigoma kuingiza chaji. Wanaovileta si wahuni wa kijiweni. Ni madogo wenye sare zilizonyooshwa na hela ya matumizi mfukoni.

Kimoja kilikuwa cha rangi ya chungwa, tundu la chaji limejaa vumbi la mfukoni. Nikakifungua: betri ndogo ya lithiamu, pamba iliyolowa, koili (kiwaya kinachopata moto), na kihisi kinachojiwasha ukivuta tu. Hakina hata kitufe. Dogo akaniambia, "Fundi, hiyo si sigara, ni mvuke wa embe." Hapo ndipo penye tatizo lenyewe, kuliko hayo makundi. Kijana ambaye hawezi kugusa sigara hata umlipe, hiki anakivuta bila wasiwasi kwa sababu hakihesabu kuwa tumbaku. Hakinuki moshi, mwalimu akikiona anadhani ni flashi, na ladha ni za pipi.

Mvuke wa maji si kweli. Ni vimiminika vya gliserini na propilini glikoli, vionjo, na mara nyingi nikotini, ile ya kwenye tumbaku inayoleta uraibu. JUUL, chapa ya vepu iliyoingia sokoni Marekani mwaka 2015, ilitumia chumvi za nikotini ambazo hazikwaruzi koo, hivyo mtu anavuta nyingi bila kukohoa. Kufikia 2019, asilimia 27.5 ya wanafunzi wa sekondari za juu kule walisema wametumia vepu ndani ya siku 30. Hao wote wana makundi mabaya?

Angalia pia nyumbani. Kaka au mjomba anayevuta hapo sebuleni naye ana nafasi yake, si rafiki wa shule peke yake, na ndiye anayeacha kifaa mezani. Halafu kuna video za mtandaoni za kupuliza mawingu, hizo ni tangazo la bure.

Sheria? Yetu ya tumbaku ni ya 2003, mwaka ambao Hon Lik wa China alikuwa ndiyo kwanza anabuni kitu hiki. Uganda walivipiga marufuku kwenye sheria yao ya 2015. Tuyaache hayo, wewe una mtoto leo.

Fimbo weka pembeni kwanza. Muulize alikipata kwa nani na anakivuta saa ngapi. Akisema anavuta asubuhi kabla hata ya chai, jua nikotini imeshamkamata. Ukimnyang'anya ghafla atakuwa na hasira, usingizi wa mang'amung'amu na darasani hatulii. Hiyo si jeuri, ni arosto, yaani mwili unaidai nikotini uliyoizoea. Mpeleke kwa daktari, na umwambie wazi kuwa ni nikotini, maana wengine wakisikia vepu wanaandika dawa ya kikohozi.

Hicho kidude usikitupe kwenye moto wa takataka, betri inalipuka.