Mwulize Mkunga: Treni haikimbii, lakini inatikisa

Likizo zikikaribia, barua za bembea, yaani mashine za kupanda kwenye bustani za burudani, huanza kumiminika. Safari hii nimechagua nne. Moja nimeijibu kwa urefu, maana wengi mnauliza swali hilohilo kwa maneno tofauti.

Shikamoo Bi Mkunga. Nina ujauzito wa wiki 22, ni wa pili, na kliniki wanasema kila kitu kiko sawa. Mwezi ujao tunakwenda na familia kwenye bustani kubwa ya bembea. Mume wangu alikata tiketi kabla hatujajua kama nina mimba. Rola kosta, vile vigari vya reli vya kupanda na kushuka, zinazopindua watu kichwa chini nimeshaziondoa kwenye hesabu. Ila kuna treni ya mgodini ambayo haipinduki na wala haina kasi, hata watoto wa shule ya msingi wanapanda. Wifi yangu alipanda kitu kama hicho akiwa na miezi mitano na mtoto wake ana afya tele. Mimi si mtu wa kudeka, mimba ya kwanza nilifanya kazi mpaka wiki ya 38. Nipande? – Mama Kijacho

Marahaba, mwanangu. Usipande. Sasa nikupe sababu, maana wifi yako lazima ataziuliza.

Wewe unapima hatari kwa kasi na kwa kupinduka, na karibu kila anayeniandikia hupima hivyohivyo. Tumbo halijali kasi. Ungeweza kwenda mwendo mkubwa sana ndani ya ndege na mtoto akaendelea kulala. Kinacholisumbua tumbo ni kusimama ghafla, kurushwa kushoto na kulia bila kujiandaa, na kile chuma kinachoshuka mapajani na kukubana.

Tuichukue hiyo treni ya mgodini. Iliyo maarufu kuliko zote ni Big Thunder Mountain Railroad ya Disney, Florida. Haipinduki hata mara moja, na mwendo wake ni wa gari linalopita mjini tu. Mwaka 2016 madaktari wawili wa Marekani, David Wartinger na Marc Mitchell, walichapisha utafiti kuhusu treni hiyo, na ukiusikia utadhani ni utani. Wagonjwa walikuwa wakirudi kutoka likizo wakisema mawe ya figo yametoka yenyewe baada ya kupanda. Basi madaktari wakatengeneza figo ya silikoni, wakatia ndani mkojo na mawe halisi, wakaiweka kwenye begi la mgongoni usawa wa figo, kisha wakapanda nayo tena na tena. Walipokaa viti vya mbele, mawe yalisogea na kutoka kwa kama asilimia 17 ya safari. Walipokaa nyuma kabisa, asilimia 64. Wartinger alisema walijaribu pia Space Mountain, ambayo watu huiogopa zaidi kwa kuwa inakwenda gizani, na haikufua dafu. Kazi hiyo iliwapatia Ig Nobel ya mwaka 2018, tuzo ya tafiti zinazochekesha kwanza na kufikirisha baadaye.

Kwa mwenye mawe ya figo hiyo ni habari njema. Kwa mwenye mimba inaonyesha kwamba treni ya mwendo wa kawaida inaweza kutikisa vilivyomo ndani ya mwili kuliko ile inayokwenda kasi kwenye reli laini, na kwamba kukaa nyuma kunazidisha. Disney wenyewe wameandika mlangoni kwamba mjamzito asipande, na hawakuandika hivyo kwa sababu ya kupinduka.

Ndani ya tumbo mambo yako hivi. Mfuko wa uzazi ni msuli, unavutika. Kondo la nyuma limejishika kwenye ukuta wa mfuko huo, lakini lenyewe halivutiki. Mwili ukisimamishwa ghafla, ukuta unajikunja, kondo linabaki lilivyo, na pale lilipojishika panaweza kuachana. Hayo tumeyajua kutokana na ajali za magari, si bembea. Hakuna daktari mwenye akili timamu atakayewapandisha wajawazito kwenye rola kosta ili ahesabu wangapi wamepata madhara. Kwa hiyo anayekuambia hakuna utafiti uliothibitisha hatari anasema kweli, na hautafanyika.

Nikiwa zamu wodi ya leba nilimpokea mama ambaye dereva wake alifunga breki za ghafla. Hakugonga popote, mkanda tu ndio uliombana. Aliingia kwa miguu yake, anazungumza vizuri, anauliza kama anaweza kurudi nyumbani kwa sababu wageni wanamsubiri. Damu hakuna, hata tone. Nikaweka mkono tumboni: gumu kama ubao, halilegei. Kondo lilikuwa limeanza kuachia na damu ilikuwa imejikusanya nyuma yake, ndani. Alipelekwa chumba cha upasuaji moja kwa moja, na yeye na mtoto walitoka salama, lakini kama angewafuata wageni wake mambo yangekuwa mengine. Ndiyo maana mjamzito akinieleza ametikisika vibaya lakini hajaona damu, sitosheki.

Wifi yako hasemi uongo. Wengi wamepanda na wamejifungua salama. Ila yeye anakueleza yaliyompata yeye, na kondo lake silo lako.

Kuna na jambo jingine, nalo ni chuma. Kwenye gari la kawaida tunamfundisha mjamzito apitishe mkanda chini ya tumbo, juu ya mifupa ya nyonga, na ule wa begani upite katikati ya matiti. Kwenye bembea huna la kuchagua. Chuma kinashuka mpaka kigote mahali, na wiki ya 22 mfuko wa uzazi umeshafika kitovuni. Ama kikae juu ya mtoto, ama kibaki na nafasi na wewe uwe unaruka ndani ya kiti. Mimi vyote viwili sivitaki.

Magari ya kugongana pia hapana, tena hapana kubwa. Watu huyaona ni ya kitoto kwa sababu hayaendi popote, kumbe kazi yake nzima ni kugongwa. Mteremko wa maji unaomalizikia kwa kishindo, hapana. Vile vyumba vya sinema ambavyo viti vyake vinayumba na kushtuka, hapana, na pengine utatapika pia.

Unachoweza: treni ya mvuke inayozunguka bustani polepole, mashua za ndani zinazoelea tu, gurudumu kubwa lenye vyumba vya kukaa, maonyesho. Farasi wa kuzunguka nao ni sawa, ila usikwee farasi anayepanda na kushuka. Mara nyingi kuna benchi lililotulia kati yao, kaa hapo. Na ukweli ni kwamba bembea si adui yako mkubwa siku hiyo. Foleni ndiyo. Kusimama saa nzima juani na tumbo la miezi mitano kunaangusha watu wazima. Uwe na maji, kula kidogokidogo, na ukiona macho yanaingia giza kaa chini palepale, hata kama ni sakafuni.

Tiketi nayo usiipuuze. Mwambie mume wako awaandikie wenye bustani kabla ya safari kwamba umepata ujauzito, awaulize kama siku inaweza kusogezwa. Akikataliwa, atakuwa amepoteza barua moja tu.

Bi Mkunga, nilizungushwa kwenye bembea ya vikombe na nikapanda rola kosta mbili, wiki mbili baadaye nikagundua nina mimba ya wiki saba. Silali. Nimemdhuru? – Mwenye hofu

Lala. Katika wiki hizo mfuko wa uzazi bado uko chini, ndani ya mifupa ya nyonga, ambako umekingwa vizuri. Huanza kuchungulia juu ya kinena karibu na wiki ya 12. Litaje kwa mkunga wako siku ya kliniki, lakini usilitaje kama mkosaji. Ukiona damu au maumivu makali ya tumbo, nenda hospitali siku hiyohiyo, na hilo ningekuambia hata kama usingepanda chochote.

Ila kwa wale mliotikisika au kugongwa mimba ikiwa imeshakuwa kubwa, msisubiri kliniki. Tumbo kukaza, damu, maji kutoka, mtoto kupunguza kucheza: chochote kati ya hivyo ni safari ya hospitali, ambako kwa kawaida watakufuatilia kwa saa kadhaa, si dakika tano. Na mwenye damu ya kundi hasi aseme mlangoni kwamba yeye ni hasi. Kuna sindano anayopaswa kupata ndani ya saa 72, na nimeona ikisahauliwa kwa sababu tu hakuna aliyeuliza.

Hujambo Bi Mkunga. Mama mkwe wangu ana miaka 70, mifupa yake imepungua nguvu na uti wa mgongo unamsumbua. Hatua chache anatembea, umbali mrefu tunamsukuma kwenye kiti cha magurudumu. Tunakwenda Florida kwa shemeji, na mama ameng'ang'ania lile gari la kutazama wanyama. Nimeona lina alama ya kiti cha magurudumu, maana yake si ni salama kwake? – Mkwe mtiifu

Sijambo, mkwe mtiifu. Nadhani unasema Kilimanjaro Safaris, iliyo ndani ya Animal Kingdom ya Disney tangu bustani hiyo ilipofunguliwa mwaka 1998. (Ndiyo, wamekwenda kuijenga Kilimanjaro kwenye nchi tambarare kuliko meza. Tuwasamehe.) Wanyama ni wa kweli, lori ni la wazi, na barabara imejengwa makusudi iwe na makorongo, ili mgeni asidhani yuko lami.

Ile alama inakuambia jambo moja tu: kiti kinaingia. Haisemi lolote kuhusu mgongo wa aliyekaa juu yake. Bustani zina mambo mawili yanayoandikwa karibu karibu na watu huyachanganya: namna ya kuingia, na hali ya mwili inayotakiwa. Unaweza kukuta bembea ambayo kiti hakiingii kabisa, lazima mtu ahamie kiti chake, lakini ikienda ni laini kama mashua ziwani. Na unaweza kukuta lori linalopokea kiti kwa heshima zote kisha linakwenda kukurusha.

Mtu mwenye miguu yenye nguvu akiona korongo linakuja hujikaza, hunyanyua makalio kidogo, mapaja hupokea kishindo. Aliyekaa tu, asiye na nguvu ya kufanya hivyo, kishindo kinapanda moja kwa moja kwenye uti wa mgongo. Mifupa iliyopungua nguvu inaweza kubonyea kwa kishindo ambacho mjukuu wake atakicheka. Daktari wake akisema mifupa imeshawahi kuvunjika au kubonyea, msimpandishe, hata akinuna siku nzima. Akisema hali si mbaya kiasi hicho na mama mwenyewe bado anataka, basi mwombeni mhudumu awaweke mbele, mbali na magurudumu ya nyuma, na muulize kabla hamjapanda, si baada ya lori kuondoka. Akae katikati ya watu wawili. Na kuna njia za kutembea kwa miguu humo humo bustanini zinazowaonyesha sokwe na simbamarara. Kiti kinasukumika na hakirushwi na mtu.

Dada Mkunga, najua safu yako ni ya akina mama, lakini nijibu. Nilikatwa mguu juu ya goti baada ya ajali. Natembea vizuri na mguu bandia, naendesha gari, nafanya kazi. Juzi kijana mmoja alinizuia kupanda rola kosta mbele ya watoto wangu. Nilijisikia vibaya sana. Ana haki gani? – Baba wa watatu

Kaka yangu, pole. Kuambiwa hapana mbele ya watoto kunauma, na kama kijana alisema kwa sauti ya kusikiwa na foleni nzima, alikosa adabu. Lakini sheria aliyoisimamia ni ya haki.

Mwaka 2011, katika bustani ya Darien Lake jimboni New York, mwanajeshi aliyepoteza miguu yote miwili Iraq alipanda rola kosta akarushwa nje na kufariki. Chuma cha mapajani hufanya kazi kwa kushika mapaja. Mapaja yasipokuwepo, chuma kinaonekana kimefungwa, taa inawaka kijani, na mtu hajashikwa. Kwako wewe mguu mmoja upo, kwa hiyo kwenye bembea nyingine utaruhusiwa, kwenye nyingine hapana, kulingana na kiti. Mguu bandia nao unaweza kuchomoka ukampata aliye nyuma yako. Ndiyo maana kwingine watakuambia uuvue, na kwingine watakuambia ukiuvua hupandi. Na wanafikiria jambo ambalo sisi hatulifikirii tukiwa chini: mashine ikikwama juu, abiria huteremshwa kwa ngazi nyembamba.

Ukitaka kuepuka aibu ya mlangoni, maliza ugomvi kabla ya kuondoka nyumbani. Bustani kubwa kama za Universal na Disney zina maelezo ya kila bembea: viungo gani vinatakiwa, mikono mingapi ya kushikia, kiti kinaingia au la. Yasome wewe, si watoto. Baadhi zina kiti cha kujaribia nje ya foleni. Kaa hapo, shusha chuma, umwite mhudumu akiangalie mkiwa wawili tu.

Na ukifika Texas, jijini San Antonio kuna Morgan's Wonderland, iliyofunguliwa mwaka 2010 na kujengwa tangu mwanzo kwa ajili ya watu wenye ulemavu pamoja na familia zao. Mwenye ulemavu halipi kiingilio. Watoto watatu watalipiwa na wewe.