Kabla hujanunua hitisinki kubwa, weka rula juu ya prosesa

Februari ya Dar es Salaam haina huruma. Kompyuta yangu ya kuhariri video ina prosesa ya Core i5-12600K, na mchana wa jua kali joto lake lilikuwa likipanda hadi nyuzi 93. Nilibadilisha mara mbili pasta ya kupitishia joto, ile inayopakwa juu ya prosesa, nikaongeza feni kwenye kasha. Wapi! Nilikuwa nimeshaanza kudunduliza hela ya hitisinki (chuma cha kupooza prosesa) kubwa zaidi pale fundi wa mtaani kwetu aliponiambia: "Kaka, ing'oe kwanza hitisinki uliyonayo uone pasta imekaaje."

Pembeni pasta ilikuwa imebanwa hadi karibu kwisha, katikati nene kama siagi juu ya mkate. Nikaifuta kwa spiriti, nikasimamisha rula ya chuma juu ya kifuniko cha prosesa, kwa urefu, na kumulika tochi ya simu upande wa pili. Mwanga ukapenya katikati. Kifuniko kilikuwa kimebonyea, kwa hiyo hitisinki yoyote ambayo ningenunua ingegusa kingo tu.

Chanzo ni soketi (kiti cha prosesa kwenye mazabodi, yaani ubao mkuu wa kompyuta) ya LGA1700, ambayo Intel waliitoa mwishoni mwa 2021 kwa prosesa za kizazi cha 12 na kuendelea nayo hadi cha 14. Prosesa zake ni ndefu, milimita 45 kwa 37.5, na kibano cha chuma huzikandamiza sehemu mbili tu, katikati ya zile pande ndefu. Katikati panazama, ncha zinainuka.

Wapo wanaoinua kibano kwa washa, yaani pete ndogo za skrubu, za unene wa milimita 1. Mimi sishauri. Washa moja ikikuponyoka na kuangukia pini za soketi, umepata hasara. Nilichagua fremu, kipande cha alumini kinachokaa mahali pa kibano na kushika prosesa kuizunguka kingo zote. Kampuni ya Thermal Grizzly walitengeneza ya kwao pamoja na Mjerumani Roman Hartung, mtaalamu wa kuongeza kasi ya prosesa, maarufu kama der8auer. Mimi nilichukua ya kampuni ya Thermalright, ambayo ni nafuu.

Fungua wenzo wa kibano, lakini prosesa iache palepale ifunike pini, maana ziko 1,700 na hupinda kwa kuguswa tu. Kisha toa skrubu nne za kibano kwa bisibisi ya nyota T20. Laza mazabodi mezani kwanza, kwa sababu bamba la nyuma linaweza kuachia skrubu zikitoka.

Sasa kukaza fremu mahali pa kibano, na hapa naomba unisikilize vizuri. Mara ya kwanza nilikaza kwa nguvu zangu zote, skrubu moja hadi mwisho ndipo nyingine. Kompyuta ikawaka ikionyesha RAM ya GB 16 badala ya 32. Moyo ulinidunda, nikajua nimeua mazabodi. Kumbe RAM huwasiliana na prosesa kupitia pini hizohizo, na mkandamizo usio sawa ulifanya baadhi zisiguse ipasavyo. Nililegeza zote nikaanza upya: kila skrubu kwa vidole viwili hadi iguse fremu, halafu robo mzunguko kwa zamu, kona hii kisha kona inayoitazama. Nilipohisi zinaanza kugoma, nikaacha. GB 32 zikarudi.

Kazi ileile, saa ileile ya mchana: nyuzi 86. Kwangu mimi ninayekaa na mashine hiyo chumba kimoja, feni kupunguza kelele kulinifurahisha kuliko hata hizo nyuzi 7.

Kama una prosesa ya Core i3, au i5 isiyo na herufi K kwenye jina lake, hela yako iweke. Na ujue kwamba Intel wameshasema kubadilisha soketi au kibano kunaweza kufuta waranti. Soketi ya LGA1851, iliyotoka 2024, ina baadhi ya mazabodi zenye kibano kisichokandamiza sana, kwa hiyo kagua yako kabla ya kuagiza fremu.

Kibano changu cha zamani na skrubu zake nne nimevifunga kwenye mfuko mdogo, nimeuandikia jina la mazabodi. Siku nikiiuza, vinarudi mahali pake.